Sasa Wananiita Mama Jean

Hapa kwetu Kataki, katika muji wa Kalemie, watu wengi hawajui jina nililobatizwa. Mwanamuke akizaa mutoto wa kwanza, jina la mutoto njo linakuwa lake. Mimi nilikuwa Mama Daniella, sokoni, kanisani, hata mume wangu Urbain aliniita hivyo. Ninaandika ili mama mwingine asipite mulango niliopita. Ulikuwa wazi kabisa, na walionifungulia walikuwa watu wa kunipenda.

Urbain anafanya kazi katika biro moja ya serikali. Kila mwezi wanamukata kidogo kwa ajili ya mituweli, ule mufuko wa pamoja wa kutibisha watumishi wa serikali na familia zao. Kaka yake, Salomon, ni fundi wa mashine katika kampuni ya kubeba mizigo, na kampuni imemulipia asiransi ya binafsi, ile bima ya kutibiwa, yeye, muke wake na watoto wake.

Daniella alipoanza kuchoka kwa kutembea tu, tulimupeleka kwanza kwa mituweli, kwenye lopitali ya serikali. Sitasema mabaya. Waganga walifanya walichoweza. Dawa ndogo zilikuwepo, zile kubwa unatumwa nje kununua, na watoto walilala wawili kwa kitanda. Lakini nililala chini pembeni yake, nikapika uji kwenye mbabula ya makala uani, na hakuna aliyeniuliza mimi niko nani. Walimuona mutoto, wakaniona mimi, ikatosha. Halafu muganga akatuambia kwamba ni moyo, kuna kizibo ndani yake ambacho hakifungi vizuri, na kwamba kinatengenezwa mbali. Mituweli haifiki huko.

Daniella alikuwa hajaandikwa bado kwa serikali. Karatasi ya kuzaliwa tulikuwa tunaichelewesha kama watu wengi. Salomon akasema, "Mutoto wa mudogo wangu ni wa nani kama si wangu? Mumulete." Kwetu papa mukubwa, kaka ya baba, ni papa, hakuna anayebisha. Kwa hiyo karatasi ikatoka na jina la Salomon, na upande wa mama wakaandika Emerance, muke wake. Nilipiga magoti kumushukuru.

Kliniki ya asiransi ilikuwa nyingine kabisa. Kitanda chake peke yake, oksijeni ambayo haikatiki umeme ukienda, dawa inaletwa kwenye sahani. Lakini mulangoni kuna mulinzi mwenye orodha ya majina, na muzazi anayelala ni mumoja tu. Alilala Emerance. Mimi nilikuwa naingia na termosi ya chai saa ya wageni, nasimama karibu na dirisha. Kabla ya hapo nilikuwa nimemufundisha mutoto, nikimusuka nywele: mama mukubwa umuite mama, na mimi uniite mama mudogo. Aliuliza mpaka lini. Nikamuambia mpaka upone.

Siku moja asiransi ikatuma kontroleri, Papa Nicolas, muntu wa sauti ya polepole, aje kuona mugonjwa kabla hawajakubali kulipa ndege na operesheni. Emerance alikuwa kwenye kiti, mimi na termosi yangu. Alimuuliza Daniella mama yake ni nani, na mutoto akanyoosha kidole kwa Emerance bila kuniangalia.

Mara Sonia akaingia, jirani yetu wa Kataki, amebeba ndizi. Hakuna aliyekuwa amemuambia kitu.

"Pole, Mama Daniella," akasema.

Shingo yangu ilikuwa imekwisha kugeuka. Emerance akawa mwepesi kuliko mimi. "Asante, Sonia. Weka hapa, keti."

Sonia alituangalia sisi wawili, akaweka ndizi, akaketi. Lakini Papa Nicolas alikuwa ameiona shingo yangu.

"Na wewe, mama, uko nani kwa huyu mutoto?"

"Niko mama mudogo. Nimeolewa na mudogo wa papa yake."

"Basi hamuna damu moja. Mbona anafanana na wewe hivi?"

Niliona ndege inaondoka bila mutoto. Emerance akacheka, kicheko cha kweli kabisa. "Mimi nashinda sokoni, papa. Huyu njo anamupikia. Mutoto anafanana na sufuria inayomulisha."

Papa Nicolas akacheka pia, na akaweka sinyatire yake kwenye karatasi ya kukubali.

Walipanda ndege, Daniella na Emerance. Mimi nilibaki nje ya senyenge ya uwanja wa ndege pamoja na Urbain. Kule walimupasua, na wakati moyo wa mwanangu ulikuwa wazi, aliyeulizwa kama anakubali alikuwa Emerance. Daniella alirudi muzima. Midomo yake ina rangi nzuri sasa, Mungu asifiwe.

Nilifikiri imekwisha. Kumbe kuna dawa ya kufanya damu isigande, kila siku, maisha yote, na kupimwa mara kwa mara. Nilienda kwenye biro ya mituweli kuomba wamurudishe kwa Urbain. Mama wa pale alinisikiliza vizuri, akanieleza kwa upole: karatasi inasema Salomon, kuibadilisha ni kwenda tribinali, mbele ya hakimu, na siku ile asiransi itajua na Salomon atafukuzwa kazi, pengine atafungwa. Halafu dawa yenyewe mituweli haina. Nikatoka nimefungwa pande mbili.

Salomon hakunitesa. Alisema tu, kwa heshima, kwamba kontroleri anaweza kupita nyumbani, kwa hiyo afazali mutoto alale kwake. Na kwamba Kataki kuna midomo mingi. Basi nilizunguka mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kuomba majirani waniite Mama Jean, kwa jina la mutoto wangu wa pili. Sonia alilia. Lakini anafanya hivyo.

Wewe unayesoma, asiransi inalipa vikubwa na mituweli inalipa vidogo, hiyo ni kweli. Lakini kabla ya kukubali kikubwa, uliza wanakujua wewe kama nani.

Juzi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, kwa Emerance. Hakukuwa na muntu mwingine. Daniella akaja na kidonge chake mukononi.

"Mama mudogo, nipe maji."

"Tuko sisi wawili tu, Dani. Uniite vile ulikuwa unaniita."

Aliangalia kwanza mulango wa lupango, ule ua wa nyumba, kisha mimi.

"Nikikuita leo, nitasahau siku ile kontroleri atakuja," akasema. "Na dawa itakatika."

Nikachota maji, nikamupa. Akameza, akasema asante mama mudogo, akaenda kucheza.