Mume wa Dirisha la Mbele

Jumapili mchana, Brooke, binti wa wakala wa kupangisha nyumba, alitoa biskuti kwenye oveni ili nyumba inukie kama ya watu, kisha akawafungulia mlango wanaotafuta vyumba. Nyumba ilikuwa ya mwaka 1887, imekarabatiwa, vyumba vinapangishwa, na vitu vyote vya asili vimehifadhiwa.

Bi Verlene Tuggle alikuwa wa kwanza kuingia. Aliishi humo na mumewe Otha tangu ujana wao, mpaka wapangaji wote walipotimuliwa ili ukarabati uanze. Otha alikuwa amekwisha kufa wakati huo, kwa hiyo hakuhama. Alibaki kwenye kiti chake dirishani akitazama mtaa, na mafundi wakapaka rangi kumzunguka.

"Umechelewa," Otha alisema.

"Wewe maiti una haraka gani?" Akammiminia kahawa kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo.

"Umeiona hii rangi? Utadhani njegere zimechacha."

Bi Verlene alicheka. Alimgeukia Brooke. "Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Jamani, Bi Verlene! Kamati ya majengo ya kale hainiruhusu kung'oa hata kitasa. Huyu wamemkagua, wakasema ni wa asili. Hatoki."

"Na mimi je? Nami nilikuwemo."

"Wewe ulikuwa mpangaji."

"Basi nipangishe hiki hiki chumba."

Brooke alitazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo halikumsaidia mtu. "Pensheni yako haifiki hata robo ya kodi, mama yangu. Kula biskuti."

Wakaingia Trevor na mkewe Annika, maharusi wapya, wakasifu sakafu, wakasifu dari, wakafika dirishani.

"Na huyu mzee yumo kwenye kodi?" Annika aliuliza.

"Yumo."

"Ana maneno mengi?"

"Akipata kahawa tu," Brooke alisema. Maharusi wakatazamana, wakasema wanakichukua chumba.

Bi Verlene aliona heri aseme mwenyewe kuliko wakosee. "Msimtilie sukari, ana kisukari. Na mvua ikinyesha goti humuuma, msogezeeni kigoda." Annika alimshukuru, akayaandika kwenye simu.

Bi Verlene akajifunga skafu, akatoka.

"Vee," Otha aliita bila kugeuka, "funga mlango, mke wangu. Baridi inaingia."

Akaufunga, yeye akiwa nje.