Ushindi wa Voelker

"Con! Vua koti, unaingia!" meneja Orville Stamm aliita.

Con Tierney aliinuka kwenye benchi huku akipuliza vidole. Voelker, mrushaji aliyeanza mchezo huo wa besiboli, alikuwa amezidiwa. Wapinzani walikuwa wamejaa kwenye besi zote tatu, vituo vya kukimbilia pointi, na hakuna hata mmoja wao aliyekwisha kutolewa. Timu yao, Wheeling, ilikuwa mbele kwa pointi moja tu, na hii ilikuwa zamu ya mwisho: watatu wakitolewa, mchezo umekwisha.

"Nisamehe, kaka," Voelker alisema akimkabidhi mpira. "Nakuachia balaa."

"Balaa ndiyo kazi yangu. Nenda kanywe maji."

Tangu bega lake liumie kwenye kiwanda cha misumari, Con hakuweza kurusha mchezo mzima. Lakini kwa muda mfupi mkono ule ulikuwa bado na sumu. Mpigaji wa kwanza alikata hewa kwa gongo mara tatu, akatoka akitukana. Wa pili vilevile. Wa tatu aliuinua mpira juu, ukaelea, ukaelea, ukamwangukia Con mwenyewe mikononi, na mpigaji akatolewa. Mchezo ukaisha, kofia zikaruka jukwaani.

Gazeti la asubuhi liliandika: ushindi, Voelker.

Con hakushangaa. Msimu mzima ulikuwa hivyo. Ila siku mipira yake ilipopigwa na timu ikashindwa, jina lake liliandikwa kamili: aliyepoteza, Tierney.

Asubuhi hiyohiyo meneja Stamm alimkuta akifunga viatu.

"Usivae, Con. Wenye timu wanapunguza watu. Wameangalia hesabu za gazeti. Kwako ushindi hamna, wamekuta kupoteza tu."

"Orville, wewe si ulikuwepo? Jana hukuniona?"

"Nilikuona. Nimewaambia mpaka mate yamenikauka. Wananiuliza, imeandikwa wapi?"

Con alipanda mpaka kibanda cha waandishi, kwa Bwana Lusk, aliyekuwa akitunza hesabu za michezo. Alimkuta anakula mkate wa nyama.

"Mzee Lusk, jana niliziba pengo mimi. Kwa nini sipo?"

Lusk alifuta haradali mdomoni. "Aliyeanza akiacha timu yake mbele, ushindi ni wake. Wewe umekuta timu inashinda, umeiacha inashinda. Niandike umefanya nini?"

"Andika nilichofanya."

"Hakina jina, Con."

"Basi kipe jina!"

Lusk hakuwa mtu mbaya. "Nikikipa jina mimi, nani mwingine atalielewa?" alisema, akamkatia nusu ya mkate. Con aliupokea, maana hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Mchana hakwenda nyumbani. Aliketi jukwaani katikati ya wafanyakazi wa viwanda, amevaa koti lake la Jumapili, na hakuna aliyemtambua. Jua lilipoanza kuinama, mrushaji wa Wheeling alianza kupoteza shabaha. Besi ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Pale chini Stamm alitoka kivulini, akageuka kutazama benchi, pale alipozoea kuketi Con, akabaki anatazama.

Con alijikuta amesimama.

"Wee bwana mrefu, kaa chini!" mtu wa nyuma alifoka. "Unatuziba!"

"Samahani," Con akasema, akaketi.

Besi ya tatu ikajaa. Juu ya goti lake, vidole viwili vilikuwa vimeshajikunja, vinatafuta mshono wa mpira, kama kabla ya kurusha.