Waliokuwa Wakiitwa Jack

Mama Concilie alikuwa jikoni akiichambua sombe aliyoinunua mtaa wa Auburn, yale majani ya muhogo yanayouzwa yametwangwa na kugandishwa, akitoa vijiti kwa ncha za vidole. Jack wa kwanza akaingia bila kubisha hodi. Alifuta miguu kwenye mkeka, akaketi kwenye kochi la dirishani, pale ambapo treni zikipita kioo hutetema. Concilie alimsalimia, akaongeza maji kwenye birika.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na alilijua. Mwanawe Murhula alikuwa amepata kazi ya kupanga maboksi kwenye depo moja huko St Marys. Shefu wa pale, msimamizi wao, alilijaribu jina la Murhula mara moja, likamshinda. Akatungua msumarini kizibao cha rangi ya chungwa, kifuani kimeshonwa JACK, akampa. Tangu siku hiyo akawa Jack. Mwenye kizibao alikwisha kufa, ila hakuna aliyeona haja ya kusema. Concilie aligundua kwa kukinusa. Kwao Bukavu, nguo ya marehemu haivaliwi mpaka mwenyewe aitwe mlangoni jua likizama, aombwe ruhusa. Basi alifungua mlango wa nyumba yao ya Granville, akakiinua kizibao, akaita jina aliloliona limeshonwa. Hakujua kuwa upande huu wa Sydney wafu waliowahi kuitikia jina hilo ni wengi.

Yule wa kochini ndiye aliyekuwa na kizibao, mtu mpole wa Vietnam aliyeangukiwa na rafu ya maboksi pale depo, akafa. Alisema jina lake ni Quang, na Jack alipewa na shefu huyo huyo. Nyuma yake wakaja Waingereza wawili walioletwa zamani kwa meli, miguuni minyororo. Mmoja alibatizwa Yohana, yaani Mungu amerehemu, bibi yake akalikatakata jina mdomoni hata likawa Jack. Wa pili akasema hapana, Jack ni Yakobo, yule aliyetoka tumboni amemshika pacha wake kisigino.

"Ndiyo maana ukafungwa kwa wizi," Yohana akamwambia.

"Na wewe uliyerehemiwa, walikufungia nini?"

Walibishana hivyo kila jioni. Jambo moja tu walikubaliana: kwao enzi zile, mtumishi yeyote na baharia yeyote ambaye hakuna aliyejisumbua kumuuliza jina, alikuwa Jack.

Wa mwisho alikuwa mwenyeji wa mto wa Parramatta tangu kabla ya meli. Jack aliitwa na mwenye shamba la kondoo. Jina lake hasa hakulitaja. Kwao jina la marehemu halitamkwi, naye alikuwa marehemu. Concilie alimpa kile kikombe kisicho na ufa.

Ornella, binti wa Murhula, alirudi kutoka shule, akawaomba kwa Kiingereza wasogee kidogo, akafungua madaftari yake.

Wiki hizo ndipo Murhula alipoacha kugeuka. Concilie alimwita aje kula. Jina likavuka sebule, likamgonga mgongoni, likaanguka kwenye viatu. Mama akaliokota. Lilikuwa na uvuguvugu kama yai. Akalipangusa, akaliweka juu ya friji, na kesho yake akaweka jingine kando yake. Alimpa jina hilo asubuhi ambayo risasi zilinyamaza, na kwa lugha yao maana yake ni amani. Watoto wake wengine vita viliwamaliza. Huyu ndiye aliyebaki wa kumwitikia siku yake ya mwisho.

Aliwaomba wageni walichukue jina la kwao, Jack, waondoke nalo. Quang alizungusha kikombe mikononi.

"Mama, sisi tuliitwa tu. Anayeweza kuacha ni yule anayeita."

Ikabidi amvute mwanawe mkono wa shati. Alimwambia amfundishe shefu jina lake.

"Mama, ni jina ya kazi tu."

"Jina ya kazi inalala na wewe kitandani?"

Murhula akacheka kidogo. Siku iliyofuata alimweleza shefu kweli. Shefu alimsikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mwema, Krismasi huwaletea keki. Akampiga-piga begani, akasema Murhula ni jina zuri sana. Ijumaa, kwa kuwa anachapa kazi, alimpandisha awe kiongozi wa zamu, akampa kizibao kipya. JACK ilikuwa imeshonwa kwa uzi unaong'aa gizani.

Jioni ile Murhula aliingia, akafuta miguu, akaenda kwenye kochi. Quang na mwenyeji wa mto wakamwachia nafasi katikati.

Concilie alisimama na birika. "Murhula," aliita, kwa sauti ile ya kumwita alipokuwa mchanga.

Jina likaanguka sakafuni. Ornella akaliruka asilikanyage, akaenda chumbani.

Concilie alingoja mpaka treni ikapita, kioo kikatulia.

"Jack," akaita.

Wote watano wakageuka. Akaanza kumimina chai kwa mwanawe, maana kati yao ni yeye peke yake aliyekuwa na njaa.