Makala ya Kurasa Kumi na Moja

Nesi, muuguzi wa zamu za usiku wa miaka mingi, alirudi chuoni akiwa na miaka hamsini na mbili. Mumewe alikuwa kaburini, nyumba imebaki na mwangwi wake, na binti yao wa pekee yuko ng'ambo, mwaka wa nane huu hapokei simu. "Hukuwahi kuwa nyumbani," alimwambia mama yake siku ile ya matanga, akabeba begi lake. Darasani vijana walimwita Mama, wakamwachia kiti cha mbele, na kipindi kikiisha wakatoka makundi makundi, yeye akabaki anafunga daftari.

Jumamosi moja mchana alikwenda maktaba ya chuo. Mwalimu alitaka makala tano za majarida kuhusu familia za wauguzi. Akakaa kwenye kompyuta ya dirishani, akaandika swali lake zima kama anayemwandikia mtu barua. Majibu yakaja laki mbili.

Mkutubi, mwanamke wa rika lake, akavuta kiti.

"Usiihadithie, dada'ngu, hiyo haina masikio. Ipe maneno matatu tu: wauguzi, watoto, zamu. Hapa pembeni chagua miaka kumi ya karibuni."

Laki mbili zikawa thelathini na nne.

"He! Nyingine zimekwenda wapi?"

"Hazikuwa zako hizo."

Nesi akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Akashuka kichwa kimoja cha makala baada ya kingine hadi cha saba, na hapo akakisogelea kioo. Chini yake palikuwa na jina la binti yake, herufi kwa herufi, limetanguliwa na "Dokta", na la baba yake limefuata.

Akabofya. Ilikuwa imefungwa.

"Chuo hakilipokei jarida hili," mkutubi alisema. "Nitaiomba maktaba nyingine, ije Jumanne. Unamjua mwandishi?"

"Kidogo," alisema Nesi, na hakuona kama amedanganya.

Jumanne akaichapisha, kurasa kumi na moja, akaisoma palepale. Watoto wa wauguzi walikuwa wamehojiwa. Mmoja alisema alijua kwa mlio wa funguo kama mama amechoka, au amechoka sana. Mwishoni palikuwa na shukrani: "Kwa mama yangu mdogo, aliyenilea." Nesi akageuza upande wa pili wa karatasi. Mweupe.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na anwani ya baruapepe ya mwandishi. Ya Nesi, waliyompa chuoni, ilikuwa tarakimu tupu, bila jina. Aliandika akafuta, akaandika akafuta, mwisho akatuma hivi: "Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nimesoma makala yako. Je, akina mama wenyewe mliwauliza?"

Jibu lilimkuta siku ya tisa, amesimama kwenye korido ya wodi.

"Mpendwa mwanafunzi, asante kwa swali zuri. Hatukuwauliza, na huo ni upungufu wa utafiti wetu. Ningependa kuwasikiliza siku moja. Kila la heri masomoni."

Akaisoma mara nne. Tangu waachane, mtoto wake hakuwahi kumwandikia maneno mengi hivyo, wala ya upole hivyo, na yote aliandikiwa mtu baki. Akaingia stoo ya mashuka, akalia kimyakimya, akanawa uso, akarudi kwa wagonjwa.

Jioni alipita maktaba. Akaandika, "Mwanangu." Neno likamtazama. Akijitaja, huenda mlango ukafungwa tena; asipojitaja, atazungumza na mwanawe kama mpita njia. Akalifuta, akauliza kama anaruhusiwa kuandika tena. Jibu lilikuja kabla hajanyanyuka: "Bila shaka. Karibu sana."

Mkutubi akampungia mkono kwa mbali. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini maktaba ifungwe. Viti vyote vya jirani vilikuwa vitupu. Nesi akaisogeza kibodi karibu, akaanza kumweleza Dokta habari za muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi, aliyekuwa akivua viatu nje ya mlango kila alfajiri, asije akamwamsha mtoto.