Pembe ya Nyuma, Kushoto

Kila siku baada ya chakula cha mchana, mvua ilipokuwa ikijikusanya juu ya vilima vya Ikonge, Ishmael Mokua alivuta kiti chake hadi kwenye alama ya chaki katikati ya sebule, akaketi wima kama mtu anayengoja kunyolewa. Spika tatu zilikuwa mbele yake, mbili nyuma yake, na ile kubwa ya besi sakafuni kando ya kabati. Siku spika hizo zilipofungwa, mkewe Gesare alisimama mlangoni na mwiko wake mkononi.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Watano wananiimbia, na hakuna hata mmoja mwenye mdomo."

"Spika zangu! Na huyu wa sita je?"

"Huyo haimbi. Huyo kazi yake ni kutetemesha sufuria zangu."

Ishmael alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai kwa miaka thelathini na moja. Katikati ya ngurumo yote ya mitambo, beringi ikianza kulia hata kidogo, aliitambua kabla ya mtu mwingine yeyote, akaizima mashine. Watu walimjua kwa masikio yake kama wengine wanavyojulikana kwa nguvu au kwa deni. Alipostaafu, masikio yale akayapeleka kwenye muziki wa roki wa miaka ya sabini, ule alioupenda tangu alipokuwa kijana wa suruali pana za kufagia barabara. Albamu moja alikuwa nayo mara nne: santuri, kaseti, sidii, na sasa hizi diski mpya alizotumiwa na binti yao Lavender kutoka Amerika.

Hizo diski zilikuwa jambo lingine. Mafundi walikuwa wamezirudia kanda za zamani, wakatenga kila chombo peke yake, kisha wakakipangia pembe yake, ili msikilizaji asikae mbele ya bendi bali katikati yake. Alikuwa nazo sitini na tatu, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni, na hakuna mjukuu aliyethubutu kuzigusa.

"Ni kama kwaya inapoingia kanisani ikipita katikati ya viti," alimweleza mkewe. "Soprano huyu hapa, besi yule kule nyuma. Unasikia hata mtu akivuta pumzi."

"Mimi nasikia kuku wangu wakikimbia," Gesare alijibu.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa nne, pembe ya nyuma, kushoto, ikafa.

Ilikuwa ile albamu aliyoipenda kuliko zote. Kwenye wimbo wa tatu kuna kengele ndogo za shaba zinazolia nyuma ya bega la kushoto, nyembamba, kama mtu anatikisa funguo. Ishmael alifumba macho kuzingoja. Hazikuja. Akarudisha wimbo. Hazikuja. Akabadilisha waya. Kisha akahamisha spika: ya kushoto akaiweka kulia, ya kulia akaiweka kushoto. Ile aliyoidhania mbovu, kufika kulia ikaimba vizuri. Ile nzima, kufika kushoto ikanyamaza.

Alikaa akiitazama pembe ile kwa muda mrefu. Mtu wa mashine hapendi kitu kama hicho.

Siku iliyofuata alimwita Ouko, fundi wa redio kutoka Kisii mjini, mtu wa kule ziwani, mcheshi asiyejua kukaa kimya. Ouko alipima kila kitu, akabadilisha hata amplifaya, akainama karibu na spika.

"Mzee, hii inaimba."

"Inaimba wapi? Hiyo ni sauti ya mbele inagonga ukuta."

Ouko alikuna kichwa, akacheka. "Basi spika ni nzima, waya ni mzima, mashine ni nzima. Mbovu ni hiyo pembe. Kwani nje ya ukuta huu kunakaa nani?"

"Kwa Nyakerario."

"Ah! Muulize huyo mama ameifanyia nini pembe yako!"

Akafunga mfuko wake, akapanda pikipiki, akaenda zake na kicheko chake. Hakuwa mwenyeji, na hakujua kwamba kwenye kilima hiki kuna mizaha isiyochekwa. Gesare, aliyekuwa ameleta chai, aliutazama uso wa mumewe. Haukuwa umecheka.

Nyakerario alikuwa mjane wa miaka themanini, anaishi peke yake ng'ambo ya ua. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na mdomo wake ulikuwa mkali kwa watoto waliochuma mapera yake. Hilo tu. Lakini vikongwe wamewahi kuitwa wachawi na kuchomewa nyumba kwa jambo dogo kuliko hilo, na Gesare alikuwa na umri wa kutosha kuwakumbuka wawili kwa majina.

Jumatano Ishmael alipeleka majani kwenye kituo cha chai. Pale kwenye foleni ya mizani, huku anatabasamu nusu, akasimulia habari za pembe iliyokufa na inakotazama. Anyona, kijana wa bodaboda aliyefiwa na ndama wiki ile, aliacha kutafuna muwa.

"Mzee Mokua hasemi ovyo," akawaambia wenzake. "Masikio yake yanajulikana."

Gesare alizipata habari hizo Alhamisi asubuhi kisimani. Wanawake walinyamaza alipofika, kisha wakamwambia wote kwa pamoja. Aliliacha debe lake palepale, akapita kando ya ua hadi kwa jirani. Matita mawili ya majani makavu ya migomba yalikuwa yameegemezwa ukutani mwa nyumba ya Nyakerario. Jana hayakuwapo. Kikongwe mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi.

"Ni wewe umeniletea hayo, Gesare?"

"Hapana, Mama."

"Nami sikuyaleta." Kisu kiliendelea kupita. "Leo nimesalimu watu saba njiani. Hata mmoja hakuitika. Na walinisikia, mwanangu. Mtu asiyesikia hatazami chini. Asiyesikia anapita tu, uso wake mweupe kama sahani."

Neno hilo lilimshika Gesare palepale aliposimama. Kwa maana siku tatu hizi alikuwa amemwita mumewe mezani, yeye akiwa upande wa kushoto, na mumewe akaendelea kula, uso mweupe kama sahani. Alidhani amekasirika.

Alirudi nyumbani karibu akimbie.

"Baba Lavender, weka ile diski yako. Ile ya kengele."

"Sasa hivi? Hata ugali hujasonga."

"Weka, nimesema."

Na kwa mara ya kwanza tangu spika zile ziingie nyumbani, Gesare akaketi kwenye kiti cha alama ya chaki. Ngoma zilimjia mbele. Sauti ya mwanamke ikamzunguka kama kitambaa. Kisha, nyuma ya bega lake la kushoto, karibu kabisa, mtu akatikisa funguo. Nywele zilimsimama. Zilikuwa nzuri kiasi kwamba kwa pumzi moja alisahau lililomleta.

"Sasa kaa wewe," alisema. "Lakini ugeuze kiti. Tazama kule nyuma, uzipe mgongo zile tatu."

"Ni kichaa gani hicho?"

"Ni kitendawili. Kaa."

Ishmael aligeuza kiti, akanung'unika, akaketi. Wimbo ukarudi. Na kengele zilipofika alirusha mikono juu kama mtoto.

"Zimerudi! Mama Lavender, pembe imefunguka! Nazisikia, hizi hapa, mbele kulia!"

"Na gitaa?"

"Gitaa lipi?"

"Lile jembamba. La mbele kulia. Ambalo sasa liko nyuma yako, kushoto."

Alisikiliza. Gesare aliliona tabasamu likimtoka kidogokidogo. Gitaa lilikuwa likilia waziwazi, kuku wa nje walilisikia. Ishmael aliinua mkono akapiga vidole karibu na sikio lake la kulia. Kisha akapiga karibu na la kushoto. Akapiga tena. Akapiga tena.

Pembe iliyokufa ilikuwa imegeuka pamoja naye. Sasa ilitazama zizi lao wenyewe.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Ni wewe. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali Kisii. Lakini leo kuna matita mawili ya majani makavu ukutani kwa Nyakerario, na hayakujileta."

Hakumwuliza maana yake. Alizima mashine, akavaa koti, akashuka kituoni kabla chai haijapimwa, na Gesare nyuma yake. Pale mbele ya watu wote, mzee aliyekuwa na sifa moja tu aliivua hadharani. Alisema sikio lake limekufa. Alisema Ouko alikuwa anatania. Alisema yeye mwenyewe alinena upuuzi, na mama yule hana kosa.

Lori la kiwanda lilikuwa halijafika. Anyona ndiye aliyejibu, taratibu, kwa heshima kabisa.

"Pole sana, Mzee. Kwa hivyo huyo mama ametoka kwenye spika akaingia sikioni."

Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Kila alichosema Ishmael baada ya hapo kiliokotwa, kikawekwa juu ya yale matita.

Walirudi, lakini hawakuingia kwao. Gesare aliyabeba matita yale, akayatupa mtoni. Ishmael alileta viti viwili, akaviweka mlangoni kwa Nyakerario, na Gesare akaketi upande wa kushoto wa mumewe bila kuambiwa. Ndani, kikongwe alikoroga uji wa wimbi, akawapa kila mtu kikombe. Jua lilikuwa likizama nyuma ya mashamba ya majani chai.

Kabla vikombe havijaisha, Ishmael alishtuka.

"Pikipiki. Ngapi?"

"Tatu. Labda nne."

"Zinatoka upande gani?"

Gesare alimgeukia. Mtu huyu aliyejua kila mpiga gitaa ameketi pembe gani alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Chini. Njia ya kituoni."

Taa zilipinda, zikawamulika. Nyuma ya taa hapakuwa na uso wowote. Ishmael alisimama. "Maneno yalikuwa yangu! Mwenye hasira aanze na mimi!" Injini ziliendelea kunguruma. Ndipo Gesare alipoweka kikombe chini, akaenda hadi kwenye mwanga ule, akaanza kuwaita, sauti ileile ya kuitia wajukuu kula.

"Anyona, mwana wa Nyanchera. Nilikukata kitovu kwa mkono huu, mvua ilipovunja daraja. Onyiego, mama yako amelala? Mwambie nimekuona. Na wewe mwenye kofia, ondoa hiyo kofia, najua ukoo wenu kwa mabega tu. Nitawataja wote leo. Nitawataja kesho, na nitawataja siku nikiulizwa na serikali."

Taa moja ikageuka. Nyingine ikafuata. Injini zilishuka kilima.

"Wamekwenda?" Ishmael aliuliza.

Gesare alisikiliza kwa masikio ya watu wawili. Sauti zile hazikuwa zimefifia kwa mbali. Zilikuwa zimezimwa, moja baada ya moja, pale chini penye kona ya migomba.

"Mama," aliita ndani, bila kupaza sauti. "Chukua blanketi lako na kitambulisho. Unalala kwetu."

Nyakerario hakubisha. Alitoka, akafunga mlango wake kwa kufuli, akaujaribu mara mbili. Walimweka katikati na kushika njia ya ua, Gesare akimwongoza mumewe kwa kiwiko upande ule asiosikia, na hakuna kati yao aliyeuliza itakuwa kwa siku ngapi.