Mwenye Ufunguo wa Lango la Nether Sallow

Ukuta uliondoka zamani. Jumba la kina Hartopp, matajiri wa zamani wa hapo, lilipobomolewa, wanakijiji wa Nether Sallow, huko Uingereza, walijichotea matofali kwa mikokoteni, na mpaka leo mabanda yao ya nguruwe yanapendeza kuliko nyumba zao. Kilichobaki ni lango: matofali mekundu, nguzo nne za kujishaua, na paa la pembetatu kama la hekalu la Kirumi. Limesimama peke yake majanini, kwenye njia ya kwenda kanisani, kulia wazi, kushoto wazi. Kondoo hupita pembeni bila kuuliza mtu.

Watu, thubutu! Kengele ya kanisa ikinyamaza, mzee Ambrose Pottle, mlinzi wa lango, hulifunga kwa ufunguo, kwa amri ambayo hakuna anayekumbuka aliitoa nani. Aliyechelewa husimama mbele ya vyuma vya lango akisubiri kufunguliwa, hata mvua ikimnyeshea. Ibada ikiisha, Ambrose hufungua, husubiri wa mwisho atoke, kisha hufunga tena.

Kwa miaka sita aliyechelewa alikuwa yule yule: Bi Winifred Lacey, aliyestaafu kazi ya posta.

"Umechelewa, Bi Winifred."

"Wewe ndiye mwenye kiherehere cha kufunga."

Basi. Maneno hayo mawili matatu ndiyo yaliyomshibisha Ambrose, mgane asiye na mtoto, mpaka Jumapili nyingine.

Sasa akaja padri mpya, Tansley, kijana wa mjini. Ibada ilipokwisha akawazuia waumini. "Ndugu zangu, tuliache wazi lile lango. Tunafungia nini, hewa? Wanaokubali, mikono juu."

Ambrose aliwatazama mmoja mmoja, akijipa moyo kwamba watu wa Nether Sallow hawapendi kubadilisha hata pazia. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa na glavu ya kijani. Wa Bi Winifred. Wengine wakafuata.

Iliuma, na iliuma sana. Alikwenda langoni akasimama na ufunguo wake uliokwisha kazi, asijue autie mfukoni au autupe. Bi Winifred akamfuata.

"Umenuna."

"Ulinyoosha mkono."

"Ningenyoosha yote miwili, ila nilishika mwavuli."

"Kumbe nilikuwa nakukera muda wote huo," Ambrose alisema kwa sauti ndogo.

"Hebu nisikilize, wewe mzee. Kwangu ni pale. Kengele naisikia nikiwa jikoni. Unadhani nachelewa miaka sita kwa sababu saa yangu ni mbovu?"

Ambrose aligeuka kuitazama nyumba ya Bi Winifred, hatua chache tu kutoka langoni.

"Nachelewa ili unifungulie. Halafu unafanyaje? Unabaki kufunga! Naingia kanisani peke yangu. Tukitoka, narudi nyumbani peke yangu, wewe umeganda hapa unahesabu watu. Mlinzi simtaki, Ambrose. Nataka mtu wa kutembea naye."

Akapita langoni, akasimama upande wa pili, hakugeuka. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Padri Tansley alikuwa anakuja mbio, uso umejaa huruma. "Bwana Pottle, tafadhali usichukie. Huo ufunguo tutautafutia mahali pa heshima, hata kama ni—"

Ambrose alimtumbukizia ufunguo mkononi.

"Weka popote, Padri," alisema, tayari amekwishampita. "Mimi nasubiriwa."