Kura ya Pacha

Mke wangu ni mwalimu wa uraia, na akilishika jambo haliachii. Badala ya kuwasomea darasa lake maana ya uchaguzi, aliwaambia wachague kiranja wao kwa kura ya siri. Mimi fundi seremala nikaagizwa sanduku lenye kufuli. Nililipiga msasa mpaka likang'aa, maana binti yetu alikuwa anagombea, na sioni haya kusema kwamba nilitaka ashinde.

Tunamwita Chiriku kwa sababu ya domo lake. Mpinzani wake, Kimya, hata salamu huitikia kwa kichwa. Nikajua kazi imekwisha.

Siku ya kura nilikwenda kufungua kufuli, nikajibanza mle darasani, nyuma ya madawati. Kila karatasi iliinuliwa, wote wakaiona, ndipo ikahesabiwa. Wakafika sawa kwa sawa, imebaki moja. Mke wangu akaikunjua. Alama ilikuwa kwenye jina la Chiriku, na chini yake mpigakura kaandika kwa mwandiko wa kujitahidi: "Ni mimi, Pacha."

Pacha ni rafiki wa binti yetu, chanda na pete. Nikapiga makofi peke yangu, nikakodolewa macho, nikaacha.

"Kwa nini umeandika jina?" mke wangu akamuuliza kwa upole.

Pacha akainama. "Chiriku alisema atamjua kila atakayemsaliti. Nikaona bora niweke ushahidi."

Mke wangu hakumkaripia mtu. "Kura ni siri ili asitokee wa kukudai maelezo. Yenye jina imeharibika. Wagombea mnasemaje?"

"Mimi naona ihesabiwe tu, Mwalimu," Kimya akasema. Nikampenda yule mtoto bila kutaka.

Chiriku alisimama. Karatasi ile moja tu ndiyo aliyoihitaji.

"Imeharibika, Mwalimu," akasema. Shuleni hamwiti Mama. Kisha akawageukia wenzake. "Nilikosea kuwatisha. Turudie. Sitamuuliza mtu."

Wakarudia, na Kimya akashinda, tena si kwa kubahatisha. Kumbe aliyekuwa akimpigia binti yangu kampeni ni woga. Niliumia, sifichi. Lakini Chiriku alikwenda kumpa Kimya mkono mbele ya darasa zima, na mimi nikajivunia mwanangu kuliko kama angeshinda. Mama yake kamfunza, nami nilikuwepo.

Jioni Pacha alikuja kula kwetu kama kawaida. Ulimi wangu haukutulia.

"Haya, Pacha, mara ya pili ulimpa mwenzako au ulimtosa?"

Pacha akaacha kutafuna. Mke wangu akanitazama, lakini Chiriku alimwahi.

"Baba, hilo haliulizwi," akasema, akamsogezea rafiki yake bakuli la mboga.